Fundo Moja Halifungwi

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu Waringa ametuletea jambo jipya. Mradi! Kila mtoto wa gredi ya nane alete kitambaa kutoka nyumbani, kitambaa chenye habari yake. Si matambara ya kufutia meza — alisema hivyo huku akimwangalia Kubai, na darasa zima likacheka. Vyote vitaunganishwa viwe kitambaa kimoja kikubwa, kitundikwe kwenye ukumbi wa mtaa, watu wa Isiolo wajione. Jumamosi ya wiki ijayo mama zetu watakuja kutusaidia kushona.

Mwalimu ni mtu wa Nyeri. Hajamaliza mwaka hapa na tayari anapenda kila kitu: chai ya maziwa ya ngamia, vumbi, hata huu upepo wa Juni ambao sisi wenyewe tunautukana. Nilipomwambia Mama ndiye husokota tamvua za vikoi vya duka la Hirsi, karibu anirukie shingoni. Eti mama yako ni msanii! Nimecheka njia nzima. Mama mwenyewe alitoa uzi mdomoni akauliza kama msanii anaruhusiwa kusinzia kazini.

Niandike namna anavyofanya, maana nitaulizwa darasani. Kikoi kikija kutoka kiwandani, nyuzi za mwisho zinaning'inia tu, kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Mama anashika nyuzi chache, anazigawa mara mbili, anazisokota juu ya goti, halafu anafunga fundo. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hivyo msokoto wake unaelekea upande wake peke yake. Wangu unaelekea kama wa watu wote. Anasema mikono yangu imesomeshwa na serikali.

Vikoi vya duka anafunga nyuzi zote. Vya nyumbani mwetu anaacha moja, ule wa pembeni kabisa. Akko, mama yake, ndiye alimfundisha: anayesafiri anaachiwa fundo moja wazi, na akirudi salama aliyemsokotea ndiye anafunga. Si mtu mwingine. Cha kaka yangu Guyo kimefungwa na kufunguliwa mpaka uzi wenyewe umechakaa, kwa safari zake za Moyale.

Cha kaka yetu Galma hakijafungwa. Hicho sitakisema darasani.

Alhamisi, 12 Juni

Vitambaa vimeanza kufika. Nasteha ameleta garbasaar, shela ya harusi ya mama yake, bado inanukia ubani wa uunsi, tumeinusa mpaka mwalimu akatufukuza. Mugure, mkanda wa kiondo wa nyanyake. Kubai ameleta tambara la kufutia meza! Kweli! Anasema lilikuwa gauni la shangazi yake, na habari yake ndiyo hiyo. Mwalimu amelipokea.

Mimi nimeleta kipande cha leso ambayo Mama alinibebea mgongoni.

Nakuam hajaleta kitu. Tunakaa dawati moja tangu gredi ya sita na najua akinyamaza namna ile kuna jambo. Anasema kwao Ngaremara hakuna kitu cha maana, ni blanketi ya msaada tu, tena ina maandishi makubwa. Nikamwambia lete hiyo blanketi, nayo ina habari yake. Alinikasirikia! Akaweka mkoba katikati ya dawati kama mpaka. Mimi nilikuwa nasema kwa uzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Nakuam ameleta. Alitoa kwenye mfuko wa karatasi. Kikoi. Cheupe, pindo la kijani. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni kizuri — halafu nikaona tamvua.

Msokoto ni wa upande ule. Wa Mama. Nikafuata kwa kidole, fundo, fundo, fundo, mpaka pembeni. La mwisho liko wazi.

Kijani alichagua Galma mwenyewe, kwa ajili ya timu yake. Nilikuwepo dukani siku hiyo.

Na kuna kiraka. Karibu na katikati, ukubwa wa kiganja hivi, kitambaa cha bluu kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Galma alipoondoka hakikuwa na kiraka. Hakikuwa na tundu.

Nikamuuliza Nakuam umekitoa wapi. Baba yake alikinunua Oldonyiro, siku ya mnada, alisema. Haraka sana. Mwalimu Waringa akakichukua, akakibandika ukutani kwa pini, akaita watu: angalieni mafundo haya! Akanigeukia mimi mbele ya wote. Madina, si haya ni kama ya mama yako?

Nikasema hapana. Hapana, mwalimu, ya Mama ni tofauti. Ilitoka kabla sijafikiri.

Jumapili, 15 Juni

Sijala vizuri tangu juzi. Mama amenigusa paji la uso mara nyingi, anadhani ni malaria.

Naandika ili nielewe. Kiangazi kile kibaya cha miaka iliyopita, Galma na vijana wengine walipeleka ng'ombe upande wa Kipsing kutafuta malisho. Kukatokea vurugu za kugombea malisho, na risasi. Vijana walirudi, ng'ombe wachache walirudi, Galma hakurudi. Walimtafuta, hawakuona hata kiatu. Vijana wa kwetu walitaka kwenda kulipiza. Wazee wakakaa nao siku kadhaa wakawaambia: mtamlipiza nani? Hamna ushahidi, hamna mwili, hamna hata uzi. Wakatulia.

Sasa ushahidi upo. Umebandikwa kwa pini kwenye ukuta wa gredi ya nane.

Mama alikataa Galma aombewe kama maiti. Anasema Galma yuko safarini. Watu wamezoea, hawambishii tena.

Na Guyo! Guyo huwa anaenda Oldonyiro siku za mnada. Hauzi, hanunui. Anaegesha pikipiki anazunguka akiangalia mabega ya watu. Kitu wamevaa. Leo tukila alisema tena, bila hata kupandisha sauti, akimega chapati: "Siku nitaona kitu ya Galma kwa mtu, sitauliza mara mbili." Mama akamwambia akule. Akala.

Mimi ndugu yangu nampenda. Lakini nimemuona akimpiga mtu mara moja pale stendi, na sikuwa namjua yule niliyekuwa namuona.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemuuliza Nakuam tena. Nimejifanya ni kwa sababu ya kuandika ile habari ya kitambaa. Leo ati baba yake alipewa na mgeni aliyelala kwao.

Si ulisema Oldonyiro?

Akaniangalia. "Mbona unauliza kama polisi?" Halafu macho yakajaa. Akaniomba nisiseme kwa mtu: baba yake hajui kama amekichukua. Kiko kwenye sanduku miaka hii yote, hakivaliwi, na alishawaambia kisitoke nyumbani hata siku moja. Yeye aliona aibu ya ile blanketi tu. Atakirudisha kabla hajajua.

Aibu ya blanketi. Na mimi ndiye nilimcheka kwa ile blanketi! Sikucheka, lakini yeye alisikia kicheko.

Mwenye kitu cha kununua sokoni anakificha kwa nini? Naogopa jibu. Naogopa baba yake, ambaye huja kumchukua siku za mvua na kunisalimia kwa mkono kama mtu mzima. Ule mkono nimeushika.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia. Sikuweza tena. Nilimvuta nyuma ya tangi la maji nikamwambia: hicho ni cha ndugu yangu.

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Aliketi chini palepale kwenye tope, na sketi yake ya shule.

Haya ndiyo aliyosema, kama nilivyoyaelewa. Kiangazi kile baba yake alikuwa na mbuzi, mbali huko zaidi ya Kipsing. Alisikia risasi, akajificha. Baadaye alikuta kijana peke yake chini ya mgunga, amepigwa risasi, bado yu hai. Akampa maji. Akakaa naye. Kijana alikuwa anavua kikoi, anasema kipelekwe kwa mama yake Isiolo. Hakumaliza kusema mama yake ni nani. Baba Nakuam akamzika, akamwekea mawe fisi wasimfukue. Akaja na kikoi mpaka nyumbani, mama yake Nakuam akakifua, akakitia kiraka. Baba akasema atakipeleka. Kisha akaogopa. Mtu wa kabila lake aingie mtaa wa kwetu, ameshika kikoi cha kijana aliyepotea, aseme nilimzika mimi — nani atangoja amalize?

Nikamuuliza: na kama si hivyo?

Akasema: baba yangu hasemi uongo. Akasema mara nyingi. Baadaye akasema: huwa tunakatazwa kuuliza.

Nataka kuamini. Usoni kwake naamini. Nikifika kwa lango la kwetu nikiona pikipiki ya Guyo siamini tena. Halafu naogopa vyote viwili, uongo na ukweli, maana Guyo hatangoja kujua ni kipi.

Galma amekufa. Nimeandika. Hakuna mtu amewahi kuliandika hilo wala kulisema nyumbani mwetu, na mimi ndiye najua, na Mama yuko hapo nje anasokota uzi na kuimba kidogokidogo puani.

Alhamisi, 19 Juni

Tulikubaliana na Nakuam: aombe arudishiwe leo, kirudi kwenye sanduku, yaishe. Nasi tunyamaze. Ni vibaya, najua. Mama atangoja mpaka lini? Lakini akingoja hakuna anayekufa.

Mwalimu Waringa amekataa! Si kwa ubaya. Amekishona tayari, tena katikati kabisa, kwa sababu ni kizuri kushinda vyote. Alituonyesha akiwa na furaha mpaka basi. Vingine vimekizunguka, garbasaar huku, kiondo huku, tambara la Kubai pembeni. Nyuzi za tamvua ameziacha zining'inie mbele zionekane. Akasema Jumamosi mama zenu wakishaona, Nakuam atakipata. Sasa Jumamosi ndiyo yenyewe tunayoiogopa!

Nikasema Mama ni mgonjwa, hatakuja. Mwalimu akasema pole — halafu akachukua simu akampigia Mama palepale kumuuliza hali. Mama akasema yeye mgonjwa wa nini? Atakuja. Na Guyo atamleta na pikipiki.

Ya Rabbi.

Nimefanya kitu. Saa ya lanchi darasa lilikuwa tupu. Nimeusokota ule uzi wa mwisho nikaufunga. Sasa nyuzi zote zimefungwa, kama kikoi chochote cha dukani. Vya duka la Hirsi vimejaa huu mji, vyote ni mkono wa Mama, na vya pindo la kijani si kimoja. Ataona kazi yake, ataona kiraka, atasema mwenye duka alimuuzia mtu wa Ngaremara. Kilichokuwa kinaonyesha ni cha Galma ni lile fundo tu.

Nilipokuwa nafunga nililia. Si mimi wa kulifunga. Lakini nilivuta likakaza vizuri, mtu hatajua.

Ijumaa, 20 Juni

Upepo. Vumbi mpaka kwenye maharagwe. Guyo alitoka msikitini na rafiki zake wakakaa uani wanapiga stori na kucheka. Mmoja wao alikuwa na Galma Kipsing. Kila wakicheka nashtuka.

Nakuam hakuja shule.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi. Mama anachagua leso. Ametoa ile ya sikukuu! Kwa sababu yeye ni msanii, anasema.

Jioni. Niandike haraka.

Ukumbi ulijaa. Chai, mandazi, mama wa kila lugha, na cherehani za kukopa. Mama Nasteha na nyanyake Mugure walikuwa wanagombania mkasi huku wakicheka. Kitambaa kilitandazwa juu ya meza zilizounganishwa, kimezidi, kinafika chini. Nakuam alikuwepo, anagawa vikombe kwenye sinia. Hakuniangalia.

Guyo alimshusha Mama mlangoni akaenda. Nikasema alhamdulillahi.

Mwalimu Waringa akamshika Mama mkono mbele ya wote. Mama Madina ndiye fundi wetu! Akamleta moja kwa moja katikati. Mama anaona aibu, anacheka, amefunika mdomo na leso. Akaketi. Akaweka mkono juu ya kikoi.

Mama huwa haangalii kwanza. Huwa anagusa. Vidole vilikwenda juu ya tamvua vikisoma, na mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na sindano yangu bila uzi. Mwanzoni alitabasamu. Alijua mkono wake. Akaendelea. Mkono mwingine ukapita juu ya kiraka. Akafika pembeni.

Vidole vikasimama.

Akalishika lile fundo la mwisho akaligeuzageuza. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Mengine yote yanaelekea kule, hili moja linaelekea huku. Kama la watu wote. Kama langu! Ni nani amenifundisha kusokota, nikiwa nimeketi juu ya miguu yake? Nilifikiria fundo lenyewe tu. Mkono wangu sikuufikiria.

Kama ningeliacha wazi labda angedhani uzi umelegea. Labda. Sijui.

Mama hakuangalia kikoi tena. Aliniangalia mimi. Kwa muda mrefu, juu ya vitambaa vyote, na kelele zote zile. Sikuweza kuinamisha kichwa.

Halafu akainama. Akaling'ata fundo langu kwa meno mpaka likalegea. Akaunyoosha uzi, akaulowesha kwa mate, akauweka juu ya goti. Akausokota kwa mkono wake wa kushoto, polepole, mwanzo mpaka mwisho. Akafunga. Akavuta kwa nguvu. Nikaona midomo yake ikisema Inna lillahi, bila sauti.

Nyanyake Mugure akamuuliza kama amejidunga. Mama akasema ndiyo, sindano.

Baadaye akapapasa kile kiraka. Akamuuliza mwalimu ni nani ameshona hiki. Mwalimu kwa furaha akamwita Nakuam: ni mama yake huyu, anatoka Ngaremara! Nakuam alikuja na sinia, vikombe vinalia. Mama alimwangalia kuanzia miguu mpaka kichwa. Nilifikiri atapiga kelele. Nilitaka apige, yaishe.

"Mwambie mama yako ameshona vizuri," Mama akasema. "Hata upande ya ndani. Mtu hashoni ndani namna hii kama hajali."

Na hapo Guyo akaingia. Amekuja kumchukua, funguo mkononi, anaita Mama twende. Mama alitoa leso begani — ile ya sikukuu — akaitupa juu ya kikoi chote. Ngoja nje, akamwambia, hapa ni wanawake. Guyo akacheka akatoka. Hakuona kitu. Hakuona kitu!

Nyumbani, nilikuwa naosha vyombo, Mama akaja akachuchumaa karibu nami. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaniuliza kama Nakuam amesema Galma alizikwa. Nikasema ndiyo. Na mawe? Nikasema na mawe. Alipewa maji? Nikasema alipewa. Akakubali kwa kichwa, kila jibu. Kisha akasema: "Intala, binti yangu, kesho tunaenda Ngaremara, mimi na wewe. Nataka huyo baba anionyeshe mahali, basi. Wewe uangalie uso yake ukisikiliza, mimi nitashika mkono yake. Nitajua." Akasema nitafute boda wa mtaa mwingine. Guyo asijue mpaka Mama awe ameona kaburi.

Ningelia lakini nilikuwa nimeshika sufuria.

Mama ameingia kuswali magharibi. Mimi nimeketi hapa kwenye mkeka na vitabu, najifanya nina kazi ya shule.

Guyo amekuja mlangoni. Ana kitambaa cha kufutia pikipiki. Anasema jirani wetu wa boda amemwambia alinisikia kule stendi nikiulizia habari ya kwenda Ngaremara kesho, na Mama. Boda gani na yeye yuko? Atatupeleka mwenyewe, ameshaweka mafuta.

Nimesema tunaenda kununua uzi.

Uzi? Ngaremara? Si Hirsi ndiye humpa uzi?

Nimeinama naandika. Haondoki. Anauliza tena, pole pole sasa, na ameacha kufuta mikono: "Madina. Tunaenda kwa nani?"

Natupia jicho ndani. Mama yuko kwenye sijda. Hainuki. Hainuki bado.